Moshi wa Wafinyanzi na Njema ya Bwana Ngwali

Hapo zamani, zamani zile ambazo wakubwa walikuwa bado wakiona haya walau mara moja kwa mwaka, palikuwa na mji ukiitwa Fumbatini, na sultani wake akiitwa Mwidani. Mji ule ulikuwa na mitaa saba, na kila mtaa ulikuwa na mjumbe wake katika baraza la sultani, na kazi ya mjumbe ilikuwa moja tu: kuusemea mtaa wake. Basi kila Ijumaa baada ya sala wajumbe saba huketi juu ya mazulia, sultani akawauliza mmoja baada ya mmoja, "Habari za mtaa?" Naye mjumbe hujibu, "Njema, maulana." Karani akachovya kalamu yake, akaandika: njema. Fulu stopu. Mtaa umeshasemewa, kinachofuata ni kahawa na halua.

Na kila aliyelelewa na mama anajua kuwa "njema" si habari, "njema" ni adabu. Mtu hata akiwa amelala na njaa, mbuzi wake kaibwa na paa la nyumba limemwangukia, ukimwuliza habari atakujibu njema, kisha atavuta pumzi, ndipo akueleze. Lakini wajumbe wa Fumbatini wakiisha kusema njema hawakuvuta pumzi, walivuta sahani ya halua. Wala hawakuwa waongo, haki yao tuwape. Waliulizwa habari wakajibu habari. Ila habari walizojibu zilikuwa zao wenyewe.

Mjumbe wa Mtaa wa Wafinyanzi alikuwa Bwana Ngwali bin Faki, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyepata kiti kile kwa sababu baba yake na baba wa sultani walitahiriwa siku moja. Leo tungeiita konekshen. Wao waliiita nasaba. Nyumba yake ilikuwa ghorofa pekee katika mtaa ule, na sheria za mtaa zilimtoka mwilini kama jasho. Mwaka alioumwa na jino, kuuza miwa kukapigwa marufuku, kwa afya ya umma. Alipoota upara, kofia ikawa vazi la lazima kwa kila mwanamume, kwa heshima ya mji. Aliponunua punda, ikachongwa njia pana kutoka mlangoni pake mpaka sokoni, ikaitwa Njia ya Maendeleo, na maendeleo yakawa yanapita pale kila asubuhi yakilia hoo-hii. Aligombana na mama mkwe wake, ikatoka amri kuwa mkwe asilale kwa mkwewe zaidi ya siku tatu, na mabibi watu wazima wakakunja mikeka yao wakarudi kwao, hawajui wamekosa nini. Ikawa mtu akitaka kujua mwezi ujao kitaharamishwa nini, hana haja ya kwenda kwa mpiga ramli, humwuliza mpishi wa Bwana Ngwali, "Mheshimiwa ameamkaje leo?"

Watu wa mtaa walivumilia. Walikuwa wafinyanzi, wake kwa waume, na mji mzima ulipikia vyungu vyao, ulinywea mitungi yao, ulijifukizia vyetezo vyao. Jumanne na Jumamosi waliwasha matanuru ya kuchomea vyungu, na moshi ulipanda, nao walipoutazama walijua watakula. Maana chungu kisichochomwa si chungu bado, ni udongo unaojidai. Mvua ikiupata, unakumbuka ulikotoka.

Basi ikawa Bwana Ngwali alioa tena. Akamwoa Bi Somoe, binti wa Mtaa wa Ngome, ambako moshi pekee uliojulikana ni wa udi na ubani. Jumanne ya kwanza ya ndoa matanuru yakawashwa, moshi ukaingia dirishani kama jirani asiyepiga hodi, na Bi Somoe akakohoa mara tatu. Kikohozi cha kwanza Bwana Ngwali alifunga dirisha. Cha pili akampepea. Cha tatu akaomba kalamu. Dola nyingine sheria hupita kwa mafakihi na makadhi. Ile ilipita kooni mwa bibi harusi.

Ijumaa ikafika. Sultani akauliza, "Ngwali, habari za mtaa?"

"Njema, maulana. Nami nimeleta ombi la watu wangu. Wananililia kwa sababu ya moshi wa matanuru. Macho yanawawasha, vifua vinawabana. Wallahi nimewaona kwa macho yangu wakitokwa na machozi."

"Watu wote?" akauliza sultani.

"Nyumba nzima, maulana," akasema Bwana Ngwali, kisha akajirudi, "mtaa mzima, ndivyo nilivyokusudia."

Sultani Mwidani alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kivivu. Akasema, "Taib. Iandikwe." Bwana Ngwali akaisoma amri mwenyewe, maana alipenda maneno makubwa yapite kinywani mwake: "Kuanzia kesho, moshi wowote, wa kitu chochote, wa nyumba yoyote, usionekane katika Mtaa wa Wafinyanzi. Na yeyote atakayeuona, ni wajibu wake kuuzima papo hapo." Karani akaandika. Halua ikaja.

Kesho yake asubuhi mpiga mbiu alipita mtaani akaisoma amri. Bi Mize binti Kondo, mfinyanzi mkubwa kuliko wote pale, alikuwa amesimama uani mbele ya mitungi mia mbili iliyokauka, mibichi bado, inangoja moto. Akatazama mawingu. Masika yalikuwa yamebakisha siku kumi, labda kumi na mbili. Mvua ikinyesha kabla ya moto kuwaka, kazi ya miezi mitatu itakuwa tope, na tope haliliki.

Bi Mize alikuwa na mtoto wa kaka yake, Dadi bin Vuai. Huyu Dadi mtaa ulimchangia. Miaka saba waliuza vyungu akaenda kusoma, akarudi na ijaza saba, vyeti vya kuhitimu, zilizokunjwa vizuri: ya nahau, ya mantiki, ya falaki, ya mirathi, na nyingine ambazo hata kuzitaja kwahitaji uwe na ijaza. Akazipeleka kwa mkubwa wa makarani wa sultani. Mkubwa akazipindua huku na huku kama mtu achaguaye samaki, akauliza, "Unamjua nani?"

Dadi akasema, "Naijua nahau."

"Nahau ni mtoto wa nani?"

Basi Dadi akawa anakaa barazani kwa shangazi yake, anakula vya shangazi yake, na watu wakamwita juha, maana aliyesoma sana asipate kazi, watu hawamlaumu asiyempa kazi, hulaumu kusoma.

Bi Mize akamwendea. "Weye si ndiye msomi? Miaka saba tulikula muhogo mkavu usome. Haya, kasome huo waraka wa Ngwali unambie mie nifanyeje na mitungi mia mbili."

"Shangazi, waraka umeandikwa vizuri sana," Dadi akasema.

"Sijakuuliza mwandiko."

"Nami sisemi mwandiko. Nasema ameandika 'wowote'. Mtu akikupa neno kama hilo bure, usimrudishie upesi. Ngoja kwanza niende kwa sultani."

Jumapili ilikuwa siku ya raia kusikilizwa. Dadi akafika mlangoni, bawabu akamsemesha Kiarabu ili amwogofye, naye akamjibu Kiarabu kirefu zaidi, chenye i'rabu zote, bawabu akachoka akamfungulia. Akaingia, akashika adabu, akasema, "Maulana, matanuru ya wafinyanzi yanazimwa, na watu wa mtaa hawakuomba."

Sultani akaagiza kitabu cha baraza, akakipekua. "Ijumaa zote za miaka tisa hizi hapa. Njema. Njema. Njema. Mjumbe wenu ameniambia mko njema, nawe waniambia hamko njema. Kitabu changu ni cha uongo?"

"La, maulana. Kitabu ni cha kweli. Kimekatizwa tu."

"Kimekatizwa wapi?"

"Kwenye neno la pili."

Bwana Ngwali alikuwepo, ameketi karibu na feni ya makuti. Akacheka kwa upole. "Maulana, huyu ndiye msomi wetu. Maskini, vitabu vimemzidi. Mtaani twamwombea dua."

Sultani naye akapenda kujifurahisha, maana Jumapili ni siku ndefu. Akasema, "Basi, Dadi, sikiliza. Niletee hilo neno la pili Ijumaa. Moja tu. Lisiwe baya, maana mabaya sitaki kuyasikia Ijumaa. Wala lisiwe jema, maana hayo ninayo kitabu kizima. Na wewe usiliseme. Litoke kinywani mwa Ngwali mwenyewe, hapa mbele yangu, kwa hiari yake. Usimguse, usimhonge, usimfundishe. Tena lazima mtaa wote ulikubali neno hilo, asibaki hata mmoja. Ukiweza, matanuru yatawaka. Ukishindwa, nitayabomoa yote, na hizo ijaza zako zitafungiwa bajia sokoni."

Waliokuwepo wakacheka. Dadi akainama, akasema, "Hewala," akaondoka.

Bi Mize alipoyasikia akakaa chini. "Umeniongezea, Dadi. Jana walikuwa wanazima, leo wanabomoa. Mwenzio aliyesoma chuo kimoja tu asingetufikisha hapa."

"Shangazi, neno ninalo. Nililijua kabla sijatoka pale."

"Unalo? Lipi?"

"Nikikwambia utalisema, na ukilisema litamfikia. Neno ninalo, nisilokuwa nalo ni sababu ya Ngwali kulitamka. Yule mtu hana shida hata moja, na mtu asiye na shida hawezi kulisema hata umpige. Kwa hiyo tutamtii."

"Tumtii?"

"Tumtii mpaka achoke."

Jumatatu asubuhi watu wa Mtaa wa Wafinyanzi walianza kutii. Hapakuwashwa jiko hata moja. Ndugu zao wa Mtaa wa Washonaji wakawa wanawapikia na kuwapitishia vyakula, nao wakala vya baridi na ndizi mbivu na nazi, wakangoja. Mara ukaonekana moshi mwembamba, mmoja tu mtaa mzima, unatoka jikoni kwa Bwana Ngwali. Basi watu arobaini wakapanga safu, kila mmoja na mtungi wa maji begani, wakaenda mlangoni. Dadi hakwenda, aliambiwa asimguse, naye hakumkaribia.

"Hodi, mheshimiwa," akasema Bi Mize.

"Karibuni. Kuna nini, jamaa zangu?"

"Tumeona moshi."

"Ah, huo ni wa jikoni kwangu. Wananipikia pilau."

"Hongera, mheshimiwa. Amri yasema moshi wowote. Nasi tumekuona siku hizi huna nafasi ya kuuzima mwenyewe."

Wakapita kwa adabu, wakavua viatu mlangoni, wakaingia jikoni wakamwaga mitungi yao mmoja mmoja. Mafiga yakalia chwaa. Pilau ikawa uji, na uji wenyewe wa baridi. Wakatoka wakiaga kwa heshima, kila mmoja akisema, "Tumetekeleza, mheshimiwa," na wa mwisho akaomba radhi kwa kulowesha zulia.

Alasiri wakarudi kwa ajili ya kahawa. Jumanne, alfajiri ilipokwisha kupambazuka, wakarudi kwa ajili ya maji ya kuoga. Bwana Ngwali akawaambia, "Jamani, amri ile niliitunga mimi. Nilikusudia moshi wenu."

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Bi Mize, "nasi tulikusikia ukisema wewe ni sisi. Mwaka ule ulipopewa kiti ulisema hivi, 'Mimi ni nyinyi na nyinyi ni mimi.' Watu wakalia. Mie mwenyewe nililia. Sasa tukiacha moshi wako tukazima wetu, si tutakuwa tumekutenga?"

Hapo Bwana Ngwali akawapisha mlangoni, maana maneno yalikuwa yake.

Akamtuma mtumishi kwa mama yake Bi Somoe, akaletewa chakula, nacho kikafika kimeganda mafuta juu kama maji ya barafu. Akala. Akameza tende nyingi. Jumatano ofisi yake ya tumbo ikafanya mgomo. Angaliweza kwenda kwa sultani kuomba amri itenguliwe, lakini angemwambiaje? Kwamba watu waliomlilia wanamtii? Akasema moyoni, "Ijumaa nitajua la kusema," akajifunga mshipi.

Ila Jumatano hiyohiyo ndiyo iliyomvunja. Bi Somoe alikuwa akijifukiza udi chumbani, kama desturi yake kila alasiri, nywele zimetandazwa juu ya tega la fito na chetezo kiko chini, na uzi wa moshi ukatoka dirishani, wa buluu, mzuri. Mara hodi. Bi Mize akaingia na mtungi.

"Bibi harusi, utanisamehe."

"Mama, huu si moshi," akasema Bi Somoe. "Huu ni udi."

"Unatoka kwenye makaa, mwanangu, na unakwenda juu. Sisi watu wa udongo hatukusomeshwa kubagua moshi. Tuliambiwa wowote."

Bi Somoe akamtazama. Kisha akakitazama chetezo, akakiinamisha kidogo, akaona alama ya kidole kwenye kitako chake, kama wafinyanzi wanavyotia. "Hiki chetezo si chako?"

"Changu. Nilikichoma mwaka jana. Hukipati tena, bibi. Tanuru limezimwa kwa ajili ya kifua chako."

Bi Somoe akakirudisha chetezo chini. "Mimi nilikohoa tu," akasema. "Sikumwambia aandike."

"Najua, mwanangu. Huyu bwana wetu mtu akikohoa nyumbani kwake, mji mzima hunyweshwa dawa."

Akaumwaga mtungi. Na jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa, Bi Somoe akavaa buibui lake, akamwambia mumewe, "Mimi naenda kwa mama. Nyumba ikinukia nitarudi," akaondoka. Bwana Ngwali akabaki na ghorofa yake baridi isiyo na pilau, isiyo na kahawa, isiyo na mke, na nje ya mlango watu arobaini wamekaa na mitungi, wanamsalimia kila akichungulia: "Hujambo, mheshimiwa?" Naye anawajibu, "Sijambo." Ukaidi wake ulikuwa hata katika adabu.

Ijumaa ikafika. Mtaa mzima wa Wafinyanzi ulikwenda ukasimama katika ua wa sultani, wazee kwa watoto, na Dadi akasimama kando, mikono nyuma. Mawingu yalikuwa yameanza kuwa mazito upande wa kusini, na Bi Mize hakuwa akimtazama sultani, alikuwa akitazama mawingu.

Sultani akauliza mjumbe wa kwanza, njema. Wa pili, njema. Wa tatu mpaka wa sita, njema, na kalamu ya karani inakwenda yenyewe. Akafika wa saba.

"Ngwali. Habari za mtaa?"

Bwana Ngwali alikuwa amepungua uso. Akafungua kinywa. "Njema, maulana," akasema, na karani akaandika, akawa anafuta kalamu. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Bwana Ngwali hakutazama sahani ya halua. Akavuta pumzi.

"Ila..."

Akageuka, maana alisikia ua mzima nyuma yake, uliokuwa ukilingoja neno la pili, wake kwa waume, wanasema kwa pamoja, si kwa kelele, kama watu waitikiao dua: "Ila."

Karani akabaki na kalamu hewani, hajui kama inaruhusiwa. Sultani akainuka kidogo kwenye kiti. "Ila nini, Ngwali?"

"Ila watu wangu wanateseka, maulana," akasema Bwana Ngwali, na sasa maneno yakamtoka kama maji yaliyozuiwa. "Hawana moto. Wanakula vya baridi. Matumbo yamewafunga. Hawanywi kahawa, hawaogi maji moto, nyumba zao hazinukii. Wake zao wamewakimbia, wamerudi kwa mama zao."

"Wake wangapi?"

Bwana Ngwali akatazama zulia. "Mmoja."

Sultani Mwidani akakaza midomo. Akajaribu tena kuikaza. Kisha akacheka mpaka kilemba kikaenda upande, na wajumbe sita wakacheka pia kwa kuwa yeye amecheka, bila kujua kuwa wanajicheka. Alipotulia akamwita Dadi. "Hilo ndilo neno lako?"

"Ndilo, maulana. Si jema wala si baya, ni bawaba tu, mlango huzungukia hapo. Kalisema mwenyewe, kwa hiari yake. Sikumgusa, na Jumatatu hadi leo sikupita hata mlangoni pake. Na mtaa umelikubali, umesikia. Watu wa nahau wanajua kuwa neno hili lina pacha: kuna ila ya kusema isipokuwa, na kuna ila ya kusema kasoro. Mtu akikwambia njema akanyamaza, amefunga mlango na kasoro imebaki ndani. Miaka tisa mmekuwa mkiandika mlango."

Kicheko kikamtoka sultani usoni, akakitazama kile kitabu kinene. Kisha akasema, "Nilitoa ahadi. Matanuru yawashwe kesho. Na wewe Ngwali, shuka katika zulia hilo. Dadi, keti wewe."

Watu wakashangilia. Lakini Bi Mize akapenya mbele, akapiga goti. "Maulana, Mungu akuweke. Usitupe Dadi."

"Si mtoto wa kaka yako?"

"Ndiyo maana. Namjua. Ngwali tumeshamzoea, bwana. Tumbo lake twalijua, jino lake twalijua, kila akiamka twajua siku itakuwaje. Huyu hajaoa. Ana magonjwa ambayo hata hayajamtokea. Tuanze upya kumsoma, kwa umri wangu huu?"

Sultani akamgeukia Dadi. "Wasemaje?"

"Shangazi kasema kweli," Dadi akajibu. "Mimi sipendi kuamka mapema. Ukinipa kiti hicho, mwaka hautaisha kabla adhuhuri haijasogezwa mbele, kwa afya ya umma. Nami nitaapa kuwa watu waliniomba wakilia."

"Basi nifanyeje nipate mjumbe wa kuwasemea watu?"

"Maulana, ukitaka kubadilisha moyo wa mtu hiyo ni kazi ya Mwenyezi Mungu, tusimwingilie. Usihangaike na moyo wa Bwana Ngwali. Hamisha pale panapomuuma. Yeye husemea nyumba yake, wala hajawahi kukosea hata siku moja. Basi tanuru moja la Mtaa wa Wafinyanzi liwe la Bi Somoe, kwa mkono wa shangazi yangu, wachome vyetezo pamoja. Kisha kaa usikilize."

Sultani akampelekea Bi Somoe swali kwa mama yake, naye akajibu kwa tarishi aliyetumwa kwamba amekubali kwa sharti moja, matanuru yajengewe mabomba marefu ya kutolea moshi juu ya mapaa, jambo ambalo, alisema, mtu yeyote angelifikiria kama angeulizwa. Wafinyanzi walipolisikia walitazamana. Kweli hakuna aliyewahi kuwauliza, wao wala yeye.

Jumamosi matanuru yakawaka, na mabomba yakaanza kujengwa. Mitungi mia mbili ikatoka ikiwa myekundu na inalia ukiigonga, ngo, ngo, na mvua ilipofika siku nne baadaye, ilikuta kila mtungi umekingwa chini ya paa, ikaujaza. Bi Somoe akarudi kwa mumewe na mikono ya udongo mpaka viwikoni.

Na Ijumaa iliyofuata Bwana Ngwali alisimama barazani, akaulizwa habari za mtaa, akasema, "Njema, ila," kisha akausemea moshi kwa saa mbili kamili. Akasema moshi ni pumzi ya taifa. Akasema moshi hufukuza mbu, hukausha nazi, hulainisha sauti za waimbaji, na kwamba babu zetu waliupenda moshi, na atakayeugusa moshi wa wafinyanzi amegusa mboni ya jicho la Ngwali. Mjumbe wa Mtaa wa Ngome alipothubutu kusema kuwa moshi unawawasha macho, Bwana Ngwali akatoa chozi mbele yake, la kweli, akamwuliza kama ana moyo. Wafinyanzi waliosimama uani hawakuwahi kusemewa vile tangu mji ujengwe. Baadhi yao walilia tena, ingawa walijua.

Sultani alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Alipoona hotuba imekwisha akamgeukia karani, na karani mpya alikuwa Dadi bin Vuai, ambaye safari hii hakuna aliyemwuliza amjua nani, maana sultani mwenyewe alikuwa amemjua.

"Umeandika yote?"

"Nimefupisha, maulana. Nimeandika: leo Mtaa wa Wafinyanzi umesemewa vizuri, na kwa kweli."

"Basi ndiyo hivyo tu?"

"Na pembezoni nimeandika sababu, ili watakaokuja wasidhani ni muujiza."

"Umeandika nini?"

Dadi akakigeuza kitabu, sultani akainama akasoma. Palikuwa na maneno mawili tu: Bi Somoe. Sultani akacheka tena mpaka wakamletea maji, na Bwana Ngwali, asiyejua kinachochekwa, akacheka pamoja naye kwa moyo mkunjufu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Fumbatini. Mimi nimeyatua hapa. Na kama yupo aliyewashwa nayo, ajikune anapofika, asitafute wa kumkuna.